Reli ya Chini, Ngara hadi Makadara

Mchana natengeneza lifti za watu.
Usiku, chumbani Ngara, mlango nimeukomea,
nachimba.
Sina sururu. Nina kipanya kilichofungwa kwa gundi
na kompyuta inayokoroma kama mgonjwa wa pumu.

Nilianza na mto, maana mto hauna adabu,
huwezi kuuomba usogee.
Nikainamisha reli asilimia nne, treni ikakataa kupanda.
Nikalegeza: mbili na nusu. Ikapanda ikinung'unika,
na Mto Nairobi ukabaki juu yangu
na chupa zake zote.

Halafu ule udongo mweusi, unaovimba kwa mvua
na kupasuka kwa jua. Programu haijui jambo hili.
Mimi najua: nyumba ya mama ina ufa
unaopitisha kidole.
Kwa hiyo nikashuka zaidi, mita ishirini na sita,
hadi nikagonga jiwe ambalo nimelichora mwenyewe.

Kona ya Muthurwa imenila wiki tatu.
Ukiibana, magurudumu yanalia.
Ukiipanua, unapita chini ya misingi ya watu waliolala,
na hata kama handaki ni uongo wangu
sipendi kutikisa kitanda cha mtu.
Nikaibana. Wacha yalie.

Kilio chenyewe nilikirekodi kazini:
lifti namba mbili, ghorofa ya tisa, breki imekauka.
Mngurumo wa handaki ni jenereta ya benki.
Matone ni ya maegesho ya chini, pembe ya mwisho,
nilikochuchumaa na simu dakika kumi
mlinzi akinitazama kama niliyerukwa na akili.
"Unasikiliza nini, fundi?"
"Stesheni ya Burma," nikamwambia.
Akatikisa kichwa, akaenda kunywa chai.

Tatizo ni abiria.
Wale waliokuja na programu wamevaa makoti ya theluji,
glavu, skafu hadi puani.
Niliwapanga Makadara, saa saba mchana, Februari,
nikaona aibu kwa niaba yao.
Nikawafuta wote.

Jumanne stima ikapotea sijahifadhi.
Kilomita moja na nusu, taa mia mbili na nane,
zikaenda na giza. Sikulia. Nilikaa tu
nikiutazama uso wangu kwenye kioo cheusi,
kisha nikasema neno
ambalo mama hajui kwamba ninalijua.

Kathini, mtoto wa jirani, ndiye dereva wa majaribio.
Anaendesha ulimi ukiwa nje.
"Mbona ni safi hivi?" akauliza juzi. "Hii si Nairobi."
Mtoto wa darasa la tano!
Maneno yake yakanikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Nikarudi kazini. Nikaitoboa dari ya Burma,
nikaweka ndoo ya bluu chini ya tone.
Nikaisimamisha saa ya ukutani.
Treni ya alfajiri nikaichelewesha dakika nne,
bila maelezo.
Kisha nikamchora mtu mmoja, mmoja tu,
ameketi ukingoni mwa benchi,
bahasha ya kaki mapajani,
viatu vimepigwa rangi jana usiku.
Kathini akamwona kwa mbali.
"Huyo anachelewa," akasema,
akaongeza mwendo.

Ngazi za kutokea zinaishia kwenye rangi ya jivu.
Juu sijajenga chochote. Nijenge nini?
Juu kupo.

Leo asubuhi nimepita Barabara ya Jogoo kwa miguu,
mkoba wa spana begani.
Mbele ya Burma, wauza nyama wakinoa visu,
nikahesabu hatua kutoka kwenye mzunguko.
Hapa. Mita ishirini na sita.
Saa kumi na mbili na dakika nane.
Lami ikatetemeka kidogo: lori la mchanga.
Najua ni lori.
Nikangoja dakika nne zaidi.