Maji ya Jumanne

Wakili wa falaji ameniletea daftari la babu yake,
pembeni limeliwa na mchwa:
nihamishie maji ya Birkat al-Mauz kwenye kompyuta.
Nani ana nusu saa, nani robo,
nani amekufa na zamu yake ikagawanywa kwa wangapi.

Nikaanza na aina mama. Nikaiita Hisa.
Nikaiagiza: mjue mwenyewe. Ijue saa yako.
Kubali kukodishwa. Kubali kuuzwa.
Nikazaa humo Hisa ya Yatima, Hisa ya Ubia,
kila mtoto akaja na vyote vya mama
bila mimi kuongeza hata mstari.
Raha hiyo anaijua mvivu mwenye akili.

Ukurasa wa arobaini na moja:
Jumanne, baada ya alfajiri, maji ya msikiti.
Nikaandika Hisa ya Wakfu. Ni hisa, nani atabisha?
Yapita mfereji ule ule, yalowesha mitende ile ile.
Ikarithi.
Ikarithi mpaka neno *uza*.

Siku ya mnada Mwenye Hilal alibonyeza mara moja tu,
hisa zote zilizolala, kwa mkupuo.
Mashine haikuuliza huyu ni mtoto yupi.
Iliahidiwa hisa, na hisa huuzika.
Ikaipiga bei Jumanne ya Mungu
kwa riali kumi na nane na baisa mia tano.

Nikaziba: mtoto, ukiambiwa uza, piga kelele.
Sasa kila mnada programu inaanguka kifudifudi,
maana anayemwita mtoto
amesikia ahadi ya mama.

Bibi yangu Zayana alishuka Sib mwaka sabini na nne
na jina kamili la ukoo, halikupungua herufi.
Wakamkalisha walipokaa shangazi zake,
wakamwambia: haya, sema.
Akafungua mdomo, kikatoka Kiswahili.
Chumba kizima kikanyamaza, kahawa mkononi.
Jina alipewa. Yaliyoahidiwa kwa jina lile
hakuna aliyemuuliza kama anayo.

Nikafuta. Hisa sasa inajua mwenyewe na saa yake, basi.
Kuuzika nimekuweka kando, kiapo peke yake,
ale anayekiweza.
Wakfu hakula. Bado ni hisa. Bado inatiririka.

"Umemfanya nini mama?" akauliza wakili.
Nimempunguzia maneno.
Akacheka, akasogeza miwani,
akanionyesha nilipokosea jina la babu yake.