Lumbesa

Baba hakuitwa kwa ndoto wala kwa ngurumo.
Aliitwa Isongole, msimu wa viazi,
amepiga goti moja juu ya gunia,
sindano mkononi, uzi wa katani kwenye meno,
akilivika gunia kilemba cha viazi
kama alivyoyavika mengine miaka tisa,
na mwenye shamba, mzee Ambakisye,
amesimama pembeni, kofia kifuani,
akisema, "Asante, bosi."

Asante ile ilimchoma kuliko sindano.
Husimulia kila mwaka kwa maneno yaleyale:
"Sauti haikushuka mbinguni. Ilitoka kwenye gunia."
Akafumua uzi, akapunguza viazi
mpaka gunia likawa gunia.
Jumatatu iliyofuata hakuwa na kazi.

Mama husimulia kwa ufupi zaidi:
"Baba yenu aliokoka, tukauza pikipiki."

Kanisa letu ni mabanzi na bati kumi na nane
chini ya mlima Rungwe, mahali ambapo ukungu
huwahi ibada kabla ya waumini
na kukalia viti vya mbele.
Mvua ikishika, mahubiri hukatika;
huwezi kubishana na bati.
Baba hukaa, tunatazamana,
watu thelathini na mmoja
ukihesabu na mtoto wa mgongoni.

Nyumba ya mchungaji tumeajiriwa bila barua.
Lusajo hugonga rimu ya lori saa mbili kasorobo.
Mimi hufagia, nageuza benchi lenye msumari
upande wake mbaya uelekee ukutani.
Mama huoka mkate wa Meza ya Bwana
kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu,
na ukingo ulioungua tunapewa watoto.
Kwa muda mrefu nilidhani ndivyo ulivyo
mwili wa Kristo: mweusi kidogo, mtamu, wa jikoni.

Ibada ikiisha ni mnada wa sadaka.
Jumapili moja ya Machi, bei ya viazi imekufa,
Bibi Tumpale alileta mayai matatu kitambaani.
Mzee wa kanisa akanadi: "Mia tano! Nani mia tano?"
Mtu akakohoa.
Bibi akatazama miguu yake
kama aliyekosea nyumba ya msiba.
Baba akasema, "Elfu tatu."

Elfu tatu ilikuwa ya unga.
Niliijua; asubuhi mama aliikunja
ndani ya Biblia, kitabu cha Hesabu.
Baba akalipa, akayarudisha mayai kwa bibi:
"Mpelekee mjukuu wako anayekohoa."
Watu wakapiga vigelegele.
Mama naye alipiga, nilimwona,
ila cha kwake kilikatikia njiani.

Usiku huo tulimenya viazi vya kula na chumvi.
Mama hakuinua macho.
"Mungu alikuita wewe," akasema. "Mimi aliniita nani?"
Na baba, mwenye maneno tangu asubuhi,
akakosa hata amina.

Maana kijiji kizima humwita Mama Mchungaji.
Saa nane usiku, uchungu ukimshika mtu,
hawagongi dirisha la upande wa baba.
Mwenye deni humwendea yeye, na mwenye mimba ya siri,
na mlevi anayeogopa kwenda kwake;
naye huchukua tochi, hufunga kanga ya pili,
na kesho yake shamba humngoja palepale.
Mama pia ni gunia. Wamemjaza mpaka kilemba,
na aliyeacha lumbesa sokoni
hakuwahi kuangalia ndani ya nyumba yake.

Nadhani aliliona.
Alinyanyuka taratibu, akapiga goti moja
kando ya beseni, akachukua kisu mkononi mwake,
akasema, "Subilaga."

Sisi watoto tuligeuka kutazama mlango
tukidhani ameingia mgeni.

Akamenya kimoja. Akamenya cha pili.
"Unatupa nusu ya kiazi," mama akasema,
akamsogezea beseni karibu.