Mistari Mitatu

Fomu imeniachia mistari mitatu:
*Eleza kazi ya ndoto yako katika upigaji picha.*
Kampuni ni ya Dar. Ina gari, ina kamera
ambayo kwa bei yake ningejenga Kiloleni
na choo kikawa ndani.
Tangu jana nimeikodolea macho.

Zamani ningejua la kuandika.
Kidato cha pili nilitaka kutumwa mbali:
theluji, twiga, marais wakishuka ngazi za ndege,
na ubavuni mwa picha, kwa herufi za sisimizi,
NYAMIZI KAPELA.

Leo nina chumba kimoja Kanyenye,
shuka la buluu, stuli yenye mguu mfupi,
na koti la suti, moja,
lililovaliwa na nusu ya wanaume wa Tabora;
kila bega limeacha kitu humo.
Tumbaku ikilipa, nakula.
Isipolipa, napiga wanafunzi wanne kwa bei ya watatu
na printa inatafuna karatasi kama mbuzi.

Juzi, saa tatu asubuhi,
mwanga ukiwa umeshaingia dirishani bila hodi,
alifika mzee Mihayo kutoka Sikonge,
baiskeli, kofia, dumu la asali.
Picha nne za kitambulisho.
Nikamwomba avue kofia. Akavua taratibu,
kama anayefunua chungu cha jirani.
Nikamwomba asicheke. Hakuwa anacheka,
ndivyo meno yake yalivyopangwa.

Nikampa picha zingali na joto la mashine.
Akazitazama. Akazigeuza nyuma, akazirudisha.
"Huyu umempata wapi?"
Nani, mzee?
"Baba. Hakuna aliyewahi kumpiga picha.
Nilikuwa nimeshaisahau pua yake."

Nje muuza mihogo aligombania chenji.
Mimi nilishika kamera iliyozimwa
kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Akaomba ya tano, kubwa, ya ukutani.
"Hiyo andika jina lake, si langu."
Nikaandika: *Msabila*.
Nne alilipa pesa, ya tano asali,
na dumu lilivuja juu ya daftari la madeni:
Machi hadi Mei hazifunguki tena.
Mungu awasamehe walionikopa.

Sasa fomu.
Sijifanyi mtakatifu. Gari nalitaka.
Lenzi ile ndefu nimeiota hadi nikakoroma,
na mshahara unaokuja bila kukumbushwa,
we, nani asiyeutaka?

Ila mistari ni mitatu. Nimeandika:
*Dirisha linalotazama mashariki.*
*Mtu wa kuketi mbele yangu, asiyejua bado anafanana na nani.*
Wa tatu nimeuacha wazi.
Kuna mtu mlangoni,
anauliza kama koti lipo.