Sauti Zisizohusika

Saa mbili kasorobo, Isevya.
Masele yuko Urambo kwenye maghala ya tumbaku,
atarudi Jumamosi na kikohozi chake.
Kulwa na Doto nimeshawafikisha chekechea.
Nimebaki na Shija, miaka miwili na nusu,
na kompyuta ya kuazima ambayo herufi N inagoma
(nisipoibonyeza kwa hasira, nyuki wanakuwa yuki),
na saa tatu za sauti za watu nisiowajua.

Kazi yangu ni kusikiliza.
Wafugaji wa nyuki wa Sikonge wameulizwa maswali,
mimi naandika majibu, neno kwa neno,
nalipwa kwa dakika.
Maelekezo yalikuja kwenye karatasi moja:
Kikohozi, usiandike. Jogoo, usiandike.
Sauti zisizohusika ziachwe.

Navaa hedifoni.
Mwanamume anasema: mzinga wa kwanza niliutundika
Mama.
mwaka ule mvua zilipochelewa
Mama, kidudu.
Narudisha nyuma. Mzinga wa kwanza niliutundika
Mama, kidudu kinalala.
Kidudu kimekufa, miguu juu, tangu jana.
Nasema: ndiyo, kinalala, usikiamshe.
Narudisha nyuma.

Nimempa sufuria na mwiko. Kosa.
Nimempa matobolwa mawili ayamumunye taratibu;
moja limehamia kwenye kiatu cha baba yake.
Nimembeba mgongoni kwa kitenge,
kama mama alivyonibeba akipalilia karanga,
lakini jembe halina vitufe,
wala hakuna mkono mdogo uliowahi kushuka toka begani
ukafuta tuta zima.

Hodi! Ni Mama Kabula, ameshavaa viatu vya safari.
Jirani, si upo tu nyumbani?
Nikuachie huyu, nafika Kanyenye mara moja.
Upo tu.
Sijui nani aliipa hiyo tu, herufi mbili,
nguvu ya kubeba gunia zima
na kuniwekea kichwani.
Nikasema karibu.
Sasa ni wawili.

Adhuhuri, mita ya umeme inaanza kulia: ti, ti, ti.
Wanaiitikia kutoka chini ya meza: ti, ti, ti.
Natafuta simu ninunue uniti.
Simu imo ndani ya ndoo.
Ndoo, namshukuru Mungu, ilikuwa na mchele.

Usiku ndio ofisi yangu.
Pacha wamelala wamegeuziana migongo,
Shija kalala katikati ya sentensi.
Treni ya Mpanda inapiga honi, mbwa wanajibu, kisha basi.
Faili la mwisho: mwanamke, jina Nyamizi,
anaeleza bei ya asali kwa ndoo,
na jinsi dalali anavyoitikisa kana kwamba asali ni maji.
Nyuma yake mtoto anaanza kulia.
Ngoja, anasema. Njoo. Shika hapa kwenye khanga.
Kisha anaendelea pale pale, kwenye shilingi ile ile,
hajapoteza hata neno.

Nimemrudisha nyuma mara tatu.
Si kwa sababu ya bei.

Karatasi ya maelekezo iko ukutani, nimeibandika mwenyewe.
Nikaandika hivi, na mabano yake:
(Mtoto analia. Anabebwa. Ananyamaza.)
Nikatuma saa saba na dakika kumi.

Asubuhi jibu limefika, la heshima, fupi:
Tumepokea, kazi nzuri.
Swali dogo tu. Ukurasa wa nne, katikati ya mzinga na mvua,
kuna mtu anasema kidudu kinalala.
Mzungumzaji huyu ni nani?
Hayumo kwenye orodha.

Nimeweka vidole kwenye vitufe.
Nimeandika: Ni
na N, kwa mara ya kwanza, imekubali yenyewe.
Nilikuwa bado natafuta neno linalofuata
nilipogundua kwamba jikoni kumetulia.

Hakuna sufuria. Hakuna mwiko.

Nikatupa hedifoni, nikakimbia.