Kabla Haijawaka

Saa moja asubuhi nabonyeza kitufe,
nafagia duka, nafagia na mbele ya duka,
nanyunyiza maji, kidogo tu, Newala maji ni fedha,
nakwenda kununua vitumbua,
narudi, nakula cha kwanza, nakula cha pili,
na kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo
kama mtoto anayetafuta kiatu cha pili siku ya shule.

Niliinunua mnadani, masalia ya chama cha msingi.
Ubavuni ina maandishi ya rangi nyeupe:
MALI YA GHALA, NA. 7.
Imehesabu korosho za watu mpaka imechoka.

Fundi wa Mtwara mjini aliniambia kwa simu,
"Tupa hiyo, dada. Laki nne na nusu, nakupa nyingine."
Laki nne na nusu!
Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Nilikuwa na elfu hamsini na tano kwenye kopo la maziwa,
na Hokororo, yule wa redio nyuma ya soko,
kijana wa maneno machache, bisibisi sikioni kama kalamu.
Akaifungua. Akanyamaza. Akaniita nione:
vumbi jekundu la huku kwetu limejitandika kama blanketi,
ganda la korosho, sijui panya gani aliliweka akiba,
na mende wawili, marehemu, wamekumbatiana juu ya feni.
"Haijazeeka hii," akasema. "Imeziba pua tu."

Brashi ya kupakia rangi, yake.
Dawa ya kupoza ubongo, elfu tatu.
Memori aliing'oa kwenye mashine iliyopigwa radi Kitangari:
elfu kumi na mbili, akanipunguzia mbili
kwa kuwa nilimchapia shangazi yake hati ya shamba.
Diski isiyozunguka, nyembamba kama sabuni ya wiki iliyopita,
imetumika, elfu thelathini na tano.
Saba iliyobaki ikawa jasho lake.

"Ila ni ndogo," akasema. "Chagua vya kuhamia."

Usiku ule nikafungua miaka tisa.
Ninayo heshima kubwa kuomba nafasi ya udereva.
Ninayo heshima kubwa kuomba nafasi ya uuguzi,
ya ulinzi, ya ukarani, ya yoyote itakayopatikana.
Heshima mia nne na sita,
na wengi nawajua: huyu wa ukarani anauza mkaa,
huyu wa uuguzi aliolewa Nanyamba,
huyu, ratiba ya mazishi yake ipo faili la chini,
niliichapa mimi pia, nikakosea herufi ya jina, nikarudia bure.
Kumbe huo ndio uzito.
Nilikuwa naitukana mashine kwa uzembe
nayo imebeba mji mzima unaoomba.

Nikafuta. Nisiwadanganye, nikafuta.
Kila nikifuta inauliza: Una uhakika?
Sina. Ndiyo.
Sina.
Ndiyo.

Sasa inawaka kabla sijamaliza kufunga kanga kiunoni.
Anaingia mteja, anatoka mteja.
Benchi langu limepoa.
Zamani, kiduara kikizunguka, walikaa,
na wakikaa walisema: bei ya mnada wa juzi,
mtoto aliyetoroka jando,
mume aliyerudi toka Msumbiji na mke mwingine.
Niliijua Newala yote bila kuinuka kitini.
Juzi binti kaja kuchapa barua ya kuacha kazi.
Ukurasa mmoja, nusu dakika, mia mbili mezani.
Machozi yake nimeyaona
nikiwa nimeshamwambia karibu tena.

Jana Hokororo kapita, kaitazama printa.
"Na hii naweza kuiharakisha. Elfu nane tu."
Printa ikakohoa, ikavuta karatasi nusu, ikapumzika.
Bi Lukia Nampoto, aliyekuja kwa nakala ya kitambulisho,
akaketi benchini kuisubiri,
akalegeza mtandio, akaanza:
"Unajua, Somoe..."

"Iache," nikamwambia fundi.