Mengineyo

Nyumba ya mama Subilaga, hapa Ilomba, ina vyumba saba
na kuta zilizoishia kichwani mwa mtu mrefu.
Juu ya hapo hakuna chako wala changu:
bati moja, panya mmoja, kikohozi kimoja.
Chumba cha kwanza wakikaanga dagaa
cha saba wanameza mate.

Julai, baridi ya Mbeya inapolala hadi ndani ya ndoo,
tunafunga madirisha, tunaziba matundu kwa magunia ya viazi,
na kila tulichokivuta tunamrudishia jirani.

Saa nne usiku Ambakisye anatoka kupakia mbao.
Hasemi neno. Kiberiti kinasema.
Harufu kwanza, kama majani mabichi yaliyotupwa motoni,
kisha Tusekile wangu anakohoa usingizini
mara tatu, anangoja,
mara moja tena,
nami nahesabu kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Jumapili tukakaa kikao.
Ajenda ya kwanza umeme: nani ameingiza hita kwa siri.
Ya pili choo.
Ya tatu mengineyo,
na kwenye mengineyo ndipo watu walipoweka vikombe chini.

Mwalimu Gwakisa alisikia redioni
ziko nchi zimeiruhusu, inauzwa dukani, na risiti unapewa.
"Risiti!" akarudia,
utadhani risiti inachuja moshi.
Mama Subilaga akasema kwake si ughaibuni,
kwake polisi wakija wanaandika jina la mwenye nyumba.
Mzee Sanga wa Makete akasema enzi zao
kuku akiumwa alipewa mbegu zake,
na hajasikia kuku aliyefungwa.
Tukacheka sana.
Aliyasema hayo na sigara mdomoni,
sigara halali, iliyolipiwa kodi,
moshi wake ukipita taratibu usoni kwa mwanangu.
Huo katibu hakuuandika.

Ambakisye alikaa mlangoni, kofia ya sufu mapajani.
"Mgongo," alisema. "Usiku unakataa kulala."
Basi. Hakuongeza sheria wala nchi za watu.
Halafu akanigeukia mimi, kwa adabu kabisa:
"Na mkaa wako, mama Tuse, unaouwasha ndani alfajiri,
mimi nao nauvuta.
Sijawahi kusema."

Nilitaka kumwambia mkaa unapika uji.
Nilitaka kumwambia mkaa hauna kesi.
Nikakumbuka gunia langu lilivyotoka Chunya,
likavuka kizuizi usiku, bila kibali,
limefunikwa mikungu ya ndizi.
Nikanywa chai. Ilikuwa imepoa.

Katibu akaandika: kila mtu na moshi wake, nje.
Wengine walitaka aongeze "ule mbaya".
Akauliza upi, akangoja na kalamu hewani,
akafunga daftari.

Tangu siku hiyo natoka na jiko kabla jogoo hajajua,
kitenge juu ya kitenge, koti la mtumba juu ya vyote.
Jana nilimkuta Ambakisye nyuma ya mparachichi,
yeye hajalala, mimi sijaamka sawasawa.
Mzee Sanga naye akaja na yake, akikokota kandambili,
tukasimama watatu bila salamu ndefu,
kama watu wanaongoja basi lisilo na kituo.
Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba hata pumzi zilitoka nyeupe.
Mtu angepita asingejua
upi umeruhusiwa, upi umekatazwa,
na upi ni sisi tu, tunahema.

Kisha upepo wa Loleza ukashuka,
ukaukusanya wote kwa mkono mmoja
ukaelekea nyumbani.

Ndani, Tusekile akakohoa.
Tukageuka sote.
Mzee akazima yake kwa mate.
Ambakisye akatupa kipande, akakimbia kufunga mlango.
Akarudi polepole, mikono mifukoni.
"Umefungwa," akasema.
"Ulikuwa umefungwa."