Safu ya Tatu

Mwaka ule mvua ilipotea njia, ikatufikia.
Bwawa likajaa hadi mdomoni mwa ukuta,
na watu wa Windhoek wakaenda Jumapili kulitazama
kama waendao kumwona mtoto mchanga.
Sisi wa zamu hatukushangilia.
Tunalijua jua la huku:
hunywa kabla ya mwenye glasi.

Ikaja amri: safisheni, kisha mwageni.
Yachujwe kwa mchanga, yapite kwenye makaa,
yatiwe klorini, yanyweke hata na mgonjwa,
halafu yashushwe chini sana,
kwenye nyufa za mawe ya vilima vya Auas,
chumba ambacho jua halina ufunguo wake.

Hiskia Swartbooi alichora daftari kwa rula,
safu tatu:
Yaliyoingia. Yaliyotoka. Upotevu.
Usiku alilaza sikio kwenye bomba.
"Yanashuka," alisema,
kwa sauti ya mtu aliyemlaza mtoto.

Bi Rauna Shikwambi alinikuta kwenye uzio,
madumu mawili, matupu,
kadi ya bomba la mtaa imeishiwa salio.
"Hayo yanayonguruma yanaenda wapi?"
"Chini, mama."
"Chini kuna nani?"
Hilo chuoni hawakunifundisha.
Nikamweleza akiba, nikamweleza miaka mikavu,
naye akanisikiliza
jinsi mtu anavyomsikiliza karani.
Akageuka. Madumu yakagongana njia nzima.

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwa na pampu.
Lakini usiku ule, nikisikia mto mzima
ukimezwa na tundu lisilozidi upana wa sinia,
niliwaamini wao kuliko wahandisi.

Hiskia akastaafu. Akasahau miwani juu ya daftari,
hakurudi kuichukua.
Mwaka wa kwanza mkavu tulisema ni kawaida.
Wa pili, tukaacha kuosha magari.
Wa tatu, bwawa likawa sahani iliyopasuka,
na simu ikalia saa tisa usiku:
geuzeni.

Nikageuza.
Siku mbili tulimwaga tope.
Siku ya tatu yakaja meupe,
yana harufu ya jiwe lililogongwa kwa jiwe.

Naye akaja. Madumu yaleyale,
moja limepata kifuniko kipya, chekundu.
Akakinga kiganja, akasukutua, akatema,
ndipo akanywa.
"Yana joto," akasema. "Kama yametoka mwilini."
Kisha, bila kuniangalia:
"Yale yangu ya siku ile, ni yapi humu?"

Nikafungua koki. Kadi sikuuliza.
Yalipojaa nikamsaidia kuyabeba hadi barabarani,
nikarudi, nikavaa miwani ya Hiskia,
nikaandika katika safu ya tatu:
lita arobaini.